UZI: Tumeisimamisha upya karakana ya zamani ya seremala na mhunzi, kwa shoka, tezo na mvukuto

Nguzo na Boriti (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi iliyotuchukua miaka 3 imeisha wiki iliyopita. Ni karakana ya vyumba 2, kimoja cha seremala, kingine cha mhunzi, ambayo upande mmoja ulikuwa umelala chini kabisa. Sasa imesimama. Tangu gogo la kwanza hadi msumari wa mwisho hatukutumia mashine. Naandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kazi ya namna hii, kwa sababu tulikosea mapema mno, na kosa lile lilitupotezea kitu ambacho hakirudi.

Tulifagia.

Siku ya kwanza tulipoingia chumba cha mhunzi tulikuta vumbi jeusi la kina cha vidole viwili. Tukaona uchafu. Tukashika mafagio na mabeleshi, tukatoa ndoo baada ya ndoo hadi udongo mgumu ukaonekana, tukafurahi kwamba kazi imeanza. Siku 2 baadaye akaja fundi mkongwe tuliyemwomba atushauri. Alisimama mlangoni, akatazama chini, akauliza, "Vumbi la humu mmelipeleka wapi?" Tukamwonyesha lundo nje. Hakutugombeza. Alitoa sumaku mfukoni, akaifunga kwenye kitambaa, akaipitisha juu ya lundo, kisha akakigeuza kile kitambaa tuone. Kilikuwa kimejaa magamba membamba ya kijivu, mepesi kama ya dagaa.

Chuma chenye moto kikigongwa, ngozi yake ya juu iliyoungua na hewa hubanduka vipande vipande. Magamba hayo huanguka kuzunguka fuawe, yaani chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake, mengi karibu, machache mbali. Vyuma viwili vikiunganishwa kwa moto mkali hutoka pia vitone vidogo vya mviringo. Ndiyo maana waakiolojia wakikuta sakafu ya mhunzi huigawa kwa miraba, wakapima uzito wa magamba ya kila mraba, na palipo mengi ndipo kazi ilipofanyika. Hata kama fuawe iliondolewa miaka 200 iliyopita, sakafu bado inajua ilipokuwa. Sisi ramani hiyo tuliichota kwa beleshi.

Kilichotuokoa ni kwamba nusu ya chumba ilikuwa chini ya paa lililoanguka, hatukuwa tumeifikia. Tulipoliondoa paa, hatukugusa kitu. Tukavuta kamba, tukapata miraba ya nusu mita, kila mraba na mfuko wake wa karatasi wenye namba. Mizani ikatuonyesha mwezi mchanga: magamba mengi yamejipinda kwa upinde, na katikati ya upinde karibu hakuna kitu. Tukachimba pale katikati. Kina cha shubiri moja tulikuta mviringo wa udongo mweusi laini wenye nyuzi za mti uliooza. Lilikuwa shina la gogo lililobeba fuawe. Kutoka hapo hadi kwenye jiko la moto ni hatua moja na kugeuka. Mhunzi hatembei na chuma cha moto, anageuka nacho.

Basi neno langu kwenye uzi huu ni hilo: jengo la kale linayo ramani yake, na imeandikwa kwa zana. Kabla hujakata hata kipande kimoja cha mti, isome. Ukitaka kuisoma vizuri zaidi, shika zana zile zile mkononi. Karibuni kwa maswali.

Mpiga Randa

Asante sana mkuu. Hapo kwenye kusoma ndipo panaponivutia. Ukikuta boriti ya zamani, unajuaje imechongwa kwa shoka au imepasuliwa kwa msumeno, tena msumeno gani? Kwangu mimi yote ni mikwaruzo tu.

Nguzo na Boriti (mleta uzi)

Usiisome mchana, fundi. Isome usiku, kwa taa moja uliyoilaza ubavuni ili mwanga upite juu juu ya uso wa mti. Kila kovu litatoa kivuli chake.

Shoka huacha makovu mapana ya mshazari, na hapa na pale kuna mkato mfupi ulioingia ndani kukatiza nyuzi. Huo ni mkato wa vidato, yaani fundi alikata mapengo kufuata mstari kwanza ndipo akabandua. Tezo, ile yenye makali yaliyokingama kama jembe, huacha vijibakuli vifupi vinavyofuatana kama mawimbi ya maji yaliyotulia. Msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, huacha mistari iliyonyooka ambayo hailingani: mteremko wake unabadilika kila mahali mikono ilipochoka au walipobadilishana. Msumeno wa mashine ulio duara huacha mistari iliyopinda kama upinde, na ukiiona hiyo, ujue mara nyingi ubao ni wa karne ya 19 au baada ya hapo. Ubao uliopigwa randa ya kwanza, ile yenye ulimi uliopinda kidogo, jicho halioni kitu. Funga macho, pitisha kiganja kukatiza nyuzi. Utahisi mifereji.

Halafu misumari, wakuu. Msitupe msumari wowote wenye kutu. Uliofuliwa kwa mkono una pande nne na unachongoka pande zote nne, na kichwani utahesabu mapigo ya nyundo. Ule uliokatwa kwa mashine kutoka kwenye bamba, ulioanza kuenea mwishoni mwa karne ya 18, unachongoka pande mbili tu. Wa waya, wa mviringo kama hii ya sasa, ulitawala mwishoni mwa karne ya 19. Kwetu kuta zilikuwa na misumari ya kufuliwa, mlango wa seremala ulikuwa na ya kukatwa, na paa lote ni ya waya. Yaani lile paa lililoanguka, ambalo wenzangu walitaka tuliige kipande kwa kipande, halikuwa paa la kwanza. Misumari ndiyo iliyotuzuia.

Na jambo jingine lililonigusa sana: ukuta wa mhunzi ulikuwa mweusi kwa masizi, isipokuwa sehemu chache zilizobaki na rangi ya udongo. Tukasafisha utando wa buibui taratibu kwa brashi laini. Zilikuwa sura za koleo! Koleo 5 zilizoning'inia mahali pamoja kwa miaka mingi hadi masizi yakazizunguka. Tulizipima pale ukutani, tukazifua kwa vipimo hivyo, tukazirudisha kwenye vivuli vyake.

Sikio la Nyundo

Hapo kwenye koleo nimesisimka mwili.

Jiwe la Kunolea

Mkuu nakuheshimu, ila swali langu ni la mtu wa kazi. Msumeno wa injini ungewapa boriti zile zile kwa wiki moja. Ukishamaliza, nani atajua?

Nguzo na Boriti (mleta uzi)

Swali la haki, ndugu. Nijibu kwa kazi yenyewe.

Gogo likishalazwa na kubanwa, unavuta uzi uliopakwa masizi kutoka kichwa hadi kichwa, unaunyanyua katikati na kuuachia. Pa! Mstari mweusi. Unapanda juu ya gogo, unakata vidato hadi mstarini, kila baada ya mkono mmoja hivi. Kisha unashuka, unabandua mabonge kati ya kidato na kidato. Mwisho unachukua shoka pana, lenye ubapa upande mmoja, unaulaza ule ubapa kwenye mti na kuchonga chini kwa chini. Sasa angalia: gogo likiwa limepinda kidogo, shoka linahisi. Bonge linabanduka kufuata nyuzi, nawe unaamua kuufuata mpindo na kuuelekeza juu, ili boriti ibebe mzigo kama mgongo wa paka. Msumeno wa injini haukuulizi swali hilo. Unanyoosha tu, na kila mahali mti ulipopinda unakatiza nyuzi. Boriti ni ile ile kwa macho, lakini siyo kwa nguvu.

Na siyo sisi tu. Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, kenchi za paa zilirudishwa kwa mialoni iliyochongwa kwa shoka, na milango ikafunguliwa tena Desemba 2024. Baadhi ya maseremala waliofanya kazi ile walikuwa wamejifunzia Guédelon, hapo hapo Ufaransa, ambako tangu 1997 wanajenga ngome nzima kwa njia za karne ya 13. Guédelon ina mhunzi pale pale kwenye eneo la ujenzi, kwa sababu patasi za waashi hubutuka kila siku. Hilo hulioni kwenye mchoro wowote. Unaliona siku ya pili ya kazi, shoka lako linapokataa.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Tulianza na mbao, tukidhani uhunzi utafuata. Wiki ya tatu mashoka yalikuwa butu, shoka pana moja limeng'oka kipande, patasi mbili zimepinda. Tukasimamisha useremala wote tukajenga jiko la mhunzi kwanza, chini ya turubai. Ila nalo likadai seremala: mbao za mvukuto, gogo la fuawe, mipini. Hizi kazi mbili zinabebana kama watoto pacha. Mwaka 1936, kisiwani Gotland huko Uswidi, mkulima akilima aliligonga kwa plau sanduku la mwaloni la zama za Waviking, lile la Mästermyr. Ndani na kandokando yake mlikuwa na vitu zaidi ya 200, misumeno, tezo na keekee pamoja na fuawe, nyundo na koleo. Aliyekuwa na sanduku lile hakuwa na mpaka kati ya mti na chuma.

Karakana yetu ilikuwa na mpaka, ukuta wa katikati, lakini ukutani mlikuwa na tundu usawa wa kiuno, pana kama dirisha dogo. Tulibishana mwezi mzima ni la nini. Kingo za upande wa seremala zilikuwa zimelainika kama mpini wa jembe. Za upande wa mhunzi zilikuwa na madoa ya kuungua. Siku nilipochoka kuzunguka nje na patasi butu mkononi, nikaipitisha pale tundu­ni, mwenzangu akaipokea. Ubishi ukaishia hapo.

Jicho Pevu

Samahani mleta uzi, naomba nipinge kwa heshima. Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kutunza majengo ya kale, kifungu cha 9, unasema urejeshaji ukome pale ubashiri unapoanza, na kinachoongezwa kionekane ni cha wakati wake. Ninyi mmechonga boriti mpya kwa shoka ili zifanane na za kale. Kizazi kijacho kitatofautishaje? Hamjaona kwamba mnafuta ile ile ramani unayoisifu?

Nguzo na Boriti (mleta uzi)

Jicho Pevu, hili ndilo lililoninyima usingizi, na nashukuru umelileta wazi.

Kila kipande kipya kina chapa ya mwaka. Tuliifua wenyewe, tukaitia motoni, tukaichoma kwenye uso usioonekana ukiwa umesimama sakafuni lakini utakaoonekana ukipanda ngazi. Nguzo zilizooza miguu hatukuzitupa. Tulikata palipooza na kuunga mguu mpya, kwa hiyo nguzo 9 kati ya 14 bado ni zile zile. Na pale ushahidi ulipokwisha tulisimama. Kuna dari juu ya chumba cha seremala, na hatukupata alama yoyote ya namna walivyopanda. Hakuna tundu la ngazi, hakuna mkwaruzo. Kuna wenzetu walitaka ngazi nzuri ya mbao. Tumeacha bila ngazi, na itabaki hivyo.

Kigingi

Niongeze hapo. Kule Japani hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mti mpya kabisa, na mara ya mwisho ilikuwa 2013. Hakuna anayesema Ise ni bandia. Kinachotunzwa pale ni mkono wa fundi: aliyebeba mbao akiwa kijana, mara inayofuata anachonga, mara ya tatu anasimamia. Tamko la Nara la 1994 liliandikwa kwa sababu hiyo, kwamba ukweli wa urithi upimwe ndani ya utamaduni wake, usipimwe kwa umri wa mbao peke yake.

Nguzo na Boriti (mleta uzi)

Kigingi, nakubaliana nawe nusu. Ise mnyororo uliwahi kusimama zamani wakati wa vita, lakini ulirudishwa na mafundi wamepokezana. Kwetu mnyororo ulikatika. Hakuna aliyewahi kumwona mhunzi wa mle ndani akifua. Kwa hiyo mbao za zamani ndizo mwalimu pekee tuliyebaki naye, na mwalimu huyo nikimtupa nimekwisha. Mkono wangu unajifunza kwake. Ndiyo maana namsikiliza Jicho Pevu zaidi kidogo kuliko wewe, usinichukie.

Sikio la Nyundo

Twende kwenye moto sasa. Mlitumia chuma gani? Chuma cha dukani ni pua laini, yaani feleji ya kisasa, siyo kile cha kale. Na mliungaje?

Nguzo na Boriti (mleta uzi)

Nilikuwa nangoja mhunzi aulize.

Chuma cha kale kina nyuzi. Ndani yake mna mavi ya chuma yaliyovutwa na nyundo yakawa kama mishipa, ndiyo maana ukikikata kidogo na kukipinda kinachanika kama fimbo mbichi. Kile kilichokuja baada ya njia ya Bessemer ya kutengeneza pua kwa wingi, 1856, hakina nyuzi hizo. Cha kale kinakubali kuungana motoni kwa upole zaidi. Tuliokota vyuma vilivyooza vya jengo lenyewe, minyororo mikongwe na fito za uzio, tukavikunja, tukaviunga, tukavivuta upya. Kwa bawaba na misumari vilitosha. Kwa makali ya mashoka tulifanya kama mashoka mengi ya zamani: mwili wa chuma laini, mdomoni kipande cha pua kilichoungwa.

Kuunga kwenyewe: moto uwe wa kina, chuma kikae katikati ya mkaa, si juu wala si chini karibu na mdomo wa upepo. Kikifika manjano unanyunyiza mchanga laini, unayeyuka na kukivika kama kioo. Unarudisha. Kikikaribia weupe, uso unalowa kama unatokwa jasho. Hapo ndipo, na una pumzi mbili tatu tu. Pigo la kwanza liwe jepesi, katikati, ili uchafu urukie nje. Ukipiga kwa nguvu kwa hamaki, vyuma vinateleza.

Na hapa nikiri kosa la pili. Chumba cha mhunzi kilikuwa na giza, na ukutani mlikuwa na dirisha lililozibwa. Tukadhani limezibwa na mtu wa baadaye asiyejua, tukalizibua. Siku ya kwanza ya kufua bawaba kubwa za mlango, jua la asubuhi likaingia hadi jikoni. Niliona chuma ni chekundu, nikaendelea kuvuta mvukuto. Kumbe kilikuwa cheupe. Mwanga wa jua uliniibia rangi. Nilipokitoa kilikuwa kinarusha vimulimuli kama fataki, na ncha ikabomoka kwenye fuawe kama mkate mkavu. Kazi ya siku nzima. Mhunzi husoma joto kwa jicho: wekundu mzito, chungwa, manjano, weupe. Anaporudisha makali ya patasi moto kidogo baada ya kuizamisha majini, anasoma rangi hafifu zaidi, majani makavu kwenye nyuzi 230 hivi za selsiasi, zambarau, kisha buluu karibu na 300. Haya yote yanataka giza. Aliyeziba dirisha lile alikuwa mhunzi. Tumeliziba tena, na mawe yake yale yale, kwa mpangilio ule ule kwa kuwa tulikuwa tumeyapiga picha.

Mpiga Randa

Na kwenye viungo vya mbao, mlitumia mti mbichi au mkavu?

Nguzo na Boriti (mleta uzi)

Mbichi kwa boriti. Samaki mkunje angali mbichi, na mti pia. Mwaloni ukishakauka shoka linalia. Ila vigingi viwe vikavu kabisa, tena vya kupasuliwa kwa shoka, visiwe vya kukatwa kwa msumeno, ili nyuzi zipite nzima toka ncha hadi ncha. Mti ukikauka hunywea kwa upana, urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana, kwa hiyo tundu linakibana kigingi kadiri miezi inavyokwenda. Tundu la kwenye ulimi, yaani ile ncha ya boriti inayoingia ndani ya mti mwingine, tunalisogeza milimita 2 au 3 kuelekea shina la ulimi. Kigingi kikipita kinalazimika kujipinda, na kiungo kinavutwa kinafunga kwa sauti. Hatukutia gundi mahali popote.

Mwanagenzi

Wakuu, mimi msomaji tu, ila uzi huu umenigusa. Nyuma ya nyumba tuliyorithi kuna banda bovu, wazee walisema zamani palikuwa pa kufulia chuma. Wikiendi hii nilikuwa nimepanga kulisafisha. Baada ya kusoma posti ya kwanza nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga kitambaa. Karibu na mlango hakuna kitu. Kona ya ndani imejaa hadi kitambaa hakionekani, na kuna vile vitone vya mviringo pia. Nianzie wapi?

Nguzo na Boriti (mleta uzi)

Weka fagio nje, ndugu yangu, na funga mlango kuku wasiingie.

Kisha picha, kila ukuta, usiku, taa ikiwa ubavuni. Angalia masizi kama kuna mahali palipobaki pasafi. Halafu kamba na miraba ya nusu mita, au robo mita pale konani kwenye vitone, maana hapo watu waliunga vyuma. Kila mraba mfuko wake, na namba uandike kwenye mfuko na kwenye mchoro, siyo kimoja tu. Usichimbe bado, hata ukiona duara jeusi. Tafuta mtu wa makumbusho au mwakiolojia akae nawe siku hiyo.

Na hiyo kona, niambie: iko mbali na dirisha?

Mwanagenzi

Hakuna dirisha kabisa upande huo. Ila kuna mawe ukutani ambayo hayafanani na mengine.

Nguzo na Boriti (mleta uzi)

Usiyaguse. Yapige picha, unitumie usiku huu huu.